Kiwanja Kimoja cha Mwambani

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura kumshinda tembo akili, bali zamani ya karibu, mabati yakiwa yameshafika na cherehani zimeshazoeleka, palikuwa na mji uitwao Kasumbe. Mji ulikaa bondeni, juu ya mchanga ulioletwa na mto. Upande wa mashariki palikuwa na mwamba. Juu ya mwamba palikuwa na viwanja kumi na vinane. Kumi na saba vilikuwa na nyumba. Kimoja kilikuwa kitupu.

Hadithi hii ni ya hicho kimoja. Watu watatu wanakidai, na kila mmoja ana haki yake. Nitawaeleza mambo kama yalivyotokea, kisha mtaamua ninyi, maana watu wa Kasumbe walishindwa.

Kwanza jueni kwamba ardhi ya Kasumbe ilikuwa na tabia ya kutetemeka. Si kila mwaka. Wazee walikumbuka mara mbili. Mara ya kwanza nyumba zilikuwa za miti na udongo. Zikalala, na watu wakatoka chini yake wakijikung'uta vumbi. Mara ya pili nyumba zilikuwa za matofali, na watu thelathini na wanne hawakutoka. Mji ukajengwa upya, palepale, kwa matofali yaleyale.

Halafu jueni mwiko wao. Kasumbe nyumba haisemwi. Nyumba ikishaezekwa, majirani hula pamoja uani, na kuanzia siku hiyo hakuna ruhusa ya kuitaja kasoro yake mbele ya mwenyewe. Ukisema ukuta umepinda, na ukuta ukaanguka hata baada ya miaka kumi, wewe ndiye uliyeuita. Utabeba mawe yake mpaka la mwisho. Na kuikimbia nyumba ni kuisema. Ardhi ikitikisika kidogo, mtu wa Kasumbe hukaa alipo, hushika ukuta, huushukuru. Anayetoka mbio amemtukana mwenye nyumba. Kwa hiyo watu waliishi katika nyumba zenye nyufa na wakawa hodari wa kusifu milango.

Jengo kubwa kuliko yote lilikuwa la Mzee Gwakisa. Lilikuwa la ghorofa. Juu walikaa mafundi cherehani sitini na watatu, kila mmoja na meza yake, na mmoja wao alikuwa Bupe, binti wa pekee wa Mzee Gwakisa. Chini palikuwa na kuta. Biashara ilipochangamka, kuta za chini zilivunjwa, zikafunguliwa fremu saba za maduka. Juu kuta, chini matundu. Jengo likawa kama mtu mnene aliyesimama kwa miguu ya korongo. Kila aliyepita aliona. Nyumba haisemwi, na hakuna aliyesema.

Sasa nawatajia hao watatu.

Wa kwanza ni Tusekile. Alikuwa amewabebea wapima ardhi vyombo vyao kwa miaka sita, mikoa mitatu, na alikuwa na macho. Aliporudi Kasumbe alikuja na timazi, kamba yenye mafundo, na daftari. Akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Alichimba shimo uani, na maji yalijitokeza kabla shimo halijafika magotini. Aliweka bakuli la maji juu ya meza akangoja lori lipite barabarani, akatazama maji. Alihesabu nguzo. Alipima kuta za chini akalinganisha na za juu. Aliwauliza vikongwe ni nyumba zipi zilianguka ile mara ya pili, na zililalia upande gani. Kisha aliweka alama ya chaki mlangoni. Nyeupe, kaa. Njano, tengeneza. Nyekundu, toka. Hakusema neno.

Akaitwa barazani.

"Umevunja mwiko," mwenyekiti wa mji alimwambia.

"Sijaisema nyumba ya mtu, mwenyekiti. Waulizeni wenyewe kama wamenisikia nikifungua mdomo."

"Umechora."

"Watoto wanachora kila siku ukutani. Hamjamwita mtoto hata mmoja hapa."

Watu wakacheka, baraza likaahirishwa. Lakini wenye nyumba walitoka pale wakaenda kuchota maji, wakaosha alama.

Mlango wa Mzee Gwakisa ulikuwa na alama nyekundu. Aliosha mara tatu. Tusekile alichora mara nne.

"Binti, chaki yako itaisha," Mzee Gwakisa alisema siku ya nne, ndoo mkononi.

"Ninalo boksi zima, mzee wangu."

"Haya niambie basi. Jengo langu lina nini?"

"Siwezi kukuambia. Mwiko."

Mzee alimtazama, akamwaga maji mlangoni, akaingia ndani.

Mwezi uliofuata baraza lilitoa amri. Atakayechora tena ahame Kasumbe. Tusekile alikuwa anaishi na mama yake, na mama hakuweza kutembea. Akaweka chaki kabatini. Miezi kumi hakuchora. Ila kabla ya kunyamaza, aliwaendea watu wawili. Hao ndio wa pili na wa tatu.

Wa pili ni Ambakisye, fundi mwashi. Yeye ndiye aliyezivunja kuta za chini za Mzee Gwakisa, kwa nyundo yake, akalipwa, akanunua baiskeli. Tusekile alimkuta kwenye kibanda chake anachonga mpini.

"Fundi, shikamoo. Twende nikuoneshe kitu."

"Marahaba. Kama ni alama zako, mimi sina nyumba ya ghorofa."

"Lakini unayo mikono. Twende."

Walikwenda. Aliuchukua mkono wa fundi akauweka juu ya nguzo ya nyuma, wakangoja. Lori la viazi likapita. Fundi alisikia nguzo inavyosogea. Akaondoa mkono, akaurudisha. Lori la pili likapita.

"Tangu lini iko hivi?" akauliza.

"Wewe ndiye unayejua ulivunja mwaka gani."

Fundi hakuweza kwenda kwa Mzee Gwakisa na kumwambia. Nyumba haisemwi, na fundi anayeisema nyumba aliyoifanyia kazi mwenyewe haitwi tena na mtu. Basi akatafuta njia nyingine. Alimwendea mzee akamwambia fremu za nyuma zinahitaji makabati, na kwamba atayatengeneza kwa bei ya mbao tu. Mzee akakubali. Kila Jumapili, maduka yamefungwa, fundi alileta nondo, zege na mbao nene kama mapaja. Nguzo za kona mbili za nyuma alizivika zege jipya. Kati ya nguzo na nguzo akapitisha mbao za mshazari, mbili mbili, zikikatana. Mbele yake akapigilia rafu nyembamba za kupanga bidhaa.

Mzee Gwakisa alikuja kukagua.

"Fundi, haya makabati ni ya kuwekea nini? Tembo?"

"Ya kuwekea sabuni, mzee."

"Sabuni gani hiyo inahitaji nondo?"

"Ya mche, mzee. Ni nzito."

Mzee akacheka, akaenda zake. Kona za nyuma zikakamilika. Kona za mbele hazikuguswa, kwa sababu fremu za mbele zilikuwa za wapangaji wakubwa, na hakuna kabati linalojengwa katikati ya mlango wa duka. Ili kuzigusa angepaswa kusema ukweli. Hakusema.

Wa tatu ni Mama Lugano, mama ntilie. Jiko lake lilikuwa pembeni ya uwanja wa mpira, nyuma ya jengo la Mzee Gwakisa. Tusekile alimkuta anakanda unga.

"Mama, siku ardhi ikitikisika, wale wa juu lazima watoke. Watoke kwa ngazi ya nyuma, si ya mbele. Mbele kuna ukingo wa matofali juu ya paa, utawamwagikia barabarani. Waje hapa uwanjani, na wasisimame karibu na ukuta. Nimepima. Wakifika kwenye goli wako salama."

"Hawatatoka, mwanangu. Kuikimbia nyumba ni kuisema."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mama Lugano aliendelea kukanda. Akaugeuza unga, akasema, "Kwa hofu hawatoki. Kwa maandazi watatoka."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kila Alhamisi saa nne asubuhi aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko wa chuma. Atakayefika kwenye goli mapema anapata andazi la moto na chai. Atakayechelewa anapata chai peke yake. Na lazima upite ngazi ya nyuma. Aliyepita mbele hapewi. Mama Lugano alisimama golini akihesabu kwa sauti. Alhamisi ya kwanza alifika mia mbili na kumi ndipo mtu wa mwisho akatokea. Baada ya miezi mitatu alikuwa akifika themanini. Mafundi cherehani walisema wanakwenda kunywa chai. Hakuna aliyesema anaikimbia nyumba. Hata Mzee Gwakisa alishuka mara moja moja.

Ila siku moja ya Jumatatu, mvua ikinyesha, harusi ilivunjika, na Mama Lugano akabaki na mabeseni mawili ya maandazi yaliyoagizwa. Akagonga mfuniko ili yaliwe, ingawa haikuwa siku ya zoezi. Watu wakakimbia. Ngazi ilikuwa imelowa. Bupe aliteleza, akavunjika kifundo cha mkono, akakaa wiki sita bila kushona. Alipopona alisema mbele ya wenzake, "Mimi na mfuniko wa yule mama basi. Andazi nitakula nyumbani."

Hao ndio watatu. Mwanamke aliyepima akanyamazishwa. Fundi aliyebomoa akatengeneza nusu. Mama aliyewafundisha watu kutoka, na siku moja akawadanganya.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro. Ardhi ilitikisika. Kwa hesabu, kama moja hadi kumi. Lipu ikadondoka. Watu wa madukani walijikuta barabarani wakitazamana kwa aibu. Juu, mafundi cherehani walishika kuta, wakazishukuru. Mmoja akasema, "Imepita." Wakarudi kwenye meza zao.

Jiko la Mama Lugano lilianguka hapohapo. Yeye alikuwa nje akichukua kuni. Alitazama matofali yake chini, akatazama jengo juu. Mfuniko ulikuwa umeviringika mpaka kwenye nyasi. Akauokota, akagonga.

Juu walisikia.

"Leo si Jumanne?" mmoja aliuliza.

"Jumanne."

"Basi ana mabaki."

"Mabaki nayo ni maandazi. Twende."

Wakashuka kwa ngazi ya nyuma, wakicheka, wengine na tepu shingoni, na watu wa madukani wakawafuata. Tusekile alikuwa amekimbilia uwanjani na daftari lake. Aliwahesabu mafundi cherehani wakipita. Sitini na wawili.

"Nani hayupo?"

"Bupe," wakasema. "Amekataa. Anasema mkono wake haujasahau."

Hapo ardhi ikaanza mara ya pili, na hii haikuwa ya kuhesabu kumi.

Mzee Gwakisa alikuwa ameshafika nyuma ya jengo. Alitaka kupanda. Ambakisye, aliyekuwa amekuja mbio kutazama nguzo zake, alimshika koti.

"Niachie, fundi."

"Ngazi ni nyembamba, mzee. Ukipanda mtakutana katikati, na hatatoka yeye wala wewe."

Mzee hakuweza kujinasua. Akageuka, akawaambia watu wote waliokuwa uwanjani, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye goli la pili: "Nina kiwanja kimoja mwambani. Mwanangu akitoka hai, aliyemtoa ndiye mwenye kiwanja. Mmenisikia."

Walimsikia. Hakuna aliyekwenda, na hakuna aliyelaumiwa. Mama Lugano alikuwa amesimama golini, na kwa mazoea tu, mdomo wake ulikuwa unahesabu. Kumi na tano. Ishirini. Kwenye ishirini na mbili ukingo wa matofali ulimwagika barabarani upande wa mbele. Kwenye thelathini nguzo mbili za mbele zilikatika, jengo likainama kama mtu anayetafuta kitu chini. Kona za nyuma zilibaki. Kwenye arobaini ardhi ilitulia, lakini jengo halikutulia. Kwenye arobaini na saba Bupe alitokea juu ya ngazi ya nyuma. Kwenye sitini alikanyaga nyasi. Kwenye sabini na moja jengo lilianguka, sakafu ya juu ikakaa mahali pa chini, cherehani zote ndani.

Mama Lugano akaacha kuhesabu.

Mjini kote siku hiyo walikufa watu sita. Wanne walikuwa katika nyumba mbili zilizowahi kuwa na alama nyekundu. Wawili walikuwa katika nyumba iliyokuwa na alama ya njano. Katika jengo la Mzee Gwakisa hakufa mtu.

Nyumba ya Tusekile ilianguka. Mama yake alikuwa amewekwa juani, akapona. Nyumba ya Ambakisye ilianguka, naye alikuwa na watoto watano. Chumba cha Mama Lugano kilianguka pamoja na jiko, na yeye alikuwa mjane asiye na ndugu Kasumbe. Kuanzia usiku huo watu walilala chini ya maturubai uwanjani. Mchanga wa bondeni ulikuwa umepasuka na kutoa maji. Kule mwambani nyumba zote kumi na saba zilikuwa zimesimama, na mlango mmoja tu ulikuwa umekwama.

Siku ya nane Mzee Gwakisa aliita watu.

"Nilitamka, na mlinisikia," alisema. "Sitarudi nyuma. Aliyemtoa Bupe aseme."

Tusekile alisimama kwanza.

"Mzee wangu, mimi ndiye niliyejua. Kabla yangu watu waliona matundu wakadhani ni maduka. Mimi ndiye niliyesema ngazi ya nyuma. Mimi ndiye niliyepima mpaka golini. Fundi alitiwa hofu na mkono wangu. Mama Lugano aliwapitisha nilikomwambia. Ondoa daftari langu, mfuniko ungewatoa watu kwa ngazi ya mbele, na matofali ya ukingo yangewakuta barabarani."

Mama Lugano akadakia, "Daftari hilohilo liliweka alama nyeupe kwenye jiko langu."

"Ndiyo, mama."

"Jiko limelala, mwanangu."

"Nilipima kuta. Paa sikulipima. Nilikosea."

"Na miezi kumi ulinyamaza," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. Alikuwa amefiwa na kaka yake katika moja ya nyumba zenye nyekundu. "Ulijua, ukaweka chaki kabatini."

"Mlisema nitahamishwa. Mama yangu hatembei."

"Ungehama ukiwa umetuambia."

Bibi mmoja aliyekuwa karibu akasema hata hivyo ni Tusekile aliyeyaita haya, kwa chaki zake, na mwiko unajulikana, abebe mawe. Wachache waliitikia kwa vichwa. Wengi walitazama chini.

Ambakisye akasimama.

"Mimi sijui kusema sana. Jengo lilianguka kwenye sabini na moja. Bupe alikanyaga nyasi kwenye sitini. Ondoeni zile nondo. Lingeanguka kwenye thelathini, pamoja na nguzo za mbele, naye alikuwa bado juu. Dada Tusekile alijua, lakini kujua hakushikilii sakafu. Mama Lugano aligonga, lakini Bupe hakusikiliza mfuniko. Wale sitini na wawili ni wa mama, sibishani. Mzee hakuahidi kwa ajili ya sitini na wawili. Aliahidi kwa ajili ya mmoja. Huyo mmoja alishikwa na kona zangu."

"Fundi," Mzee Gwakisa akasema, "yale hayakuwa makabati."

"Hayakuwa, mzee."

"Na kuta ulivunja wewe."

"Kwa amri yako."

"Kwa amri yangu. Je, siku ile nilipokuamuru, ulijua?"

Fundi alifikiri. "Nilijua kidogo. Nilihitaji baiskeli."

Mama Lugano akasimama, mikono kiunoni.

"Sasa nisikilizeni na mimi. Huyu anajua, huyu anajenga. Sawa. Miaka mingapi watu wamejua, na wamejenga, na bado wanafukiwa? Kasumbe haikukosa akili wala zege. Ilikosa miguu. Mimi ndiye niliyewapa miguu. Kila Alhamisi nilichoma mafuta na unga wangu ili mwiko wenu usiwaue. Na huyo Bupe, alipita ngazi gani? Mwulizeni."

Bupe aliitwa. Alikuja na kanga ya kisuti aliyokuwa anaipinda kwa mkono, kwa kuwa cherehani yake ilikuwa chini ya kifusi.

"Nani alikutoa?" baba yake akauliza.

"Nilitoka mwenyewe, baba. Kwa miguu yangu miwili. Kiwanja ukinipa mimi sitakataa."

Watu wakacheka, mara ya kwanza baada ya siku nane.

"Acha utani. Ngazi ya mbele ndiyo iliyokuwa karibu na meza yako. Kwa nini ulipita ya nyuma?"

"Sikufikiri. Miguu ilikuwa imezoea."

"Nani aliizoesha?"

"Huyu mama. Ingawa pia ni yeye aliyenivunja mkono, ndiyo maana nilibaki juu. Siku ile ya mvua asingedanganya, ningeshuka na wenzangu, na wewe usingeahidi kitu."

"Na nani alisema iwe ngazi ya nyuma?"

"Tusekile."

"Na ngazi yenyewe ilishikwa na nini?"

"Makabati, baba."

Mzee Gwakisa akakaa.

Mwenyekiti alijaribu. Alisema kiwanja kigawanywe mara tatu. Tusekile mwenyewe alikataa. Alikwisha kukipima: hatua kumi na mbili kwa kumi, na upande wa nyuma mwamba una mwanya. Kinabeba nyumba moja, nyepesi, mbali na mwanya. Ukijenga tatu, umeuhamisha mchanga wa bondeni ukaupandisha juu.

"Basi wakae watatu katika nyumba moja," mtu akasema.

"Na huyu fundi anayekoroma kama mashine ya kusaga?" Mama Lugano akasema. "Bora turubai."

"Wapige kura."

"Kura ni ya watu wasio na haki," Ambakisye akasema. "Sisi tunayo. Mzee aliahidi, mzee atoe."

Kukawa na makundi matatu. Wenye nyufa katika nyumba zao walikuwa upande wa fundi, kwa sababu walimhitaji. Mafundi cherehani walikuwa upande wa Mama Lugano. Waliofiwa waligawanyika: wengine walimtaka Tusekile apewe, ili kila mji ujue kwamba anayepima ana thamani; wengine hawakutaka hata kumtazama. Siku ya tisa hawakupatana. Siku ya kumi hawakupatana. Kitu kimoja tu walipatana: watu walianza kuja kwa Tusekile, mmoja mmoja, wakisema, "Njoo na chaki. Na safari hii useme."

Siku ya kumi na nne mawingu yalijikusanya upande wa ziwa linakoishia mto. Mvua za masika zikianza, chini ya turubai hakulaliki, na mwambani hakuchimbiki. Mzee Gwakisa akasema nyumba ianze asubuhi hiyo, hata kama mwenyewe hajajulikana. Akapanda mwambani. Aliwakuta wote watatu wameshafika. Hakuna aliyewaita. Ambakisye alikuwa amekuja na vigingi na kamba, kwa sababu nyumba yoyote itakayojengwa pale ataijenga yeye. Tusekile alikuwa anapima mwanya, kwa sababu nyumba yoyote itakayojengwa pale lazima iwe mbali nao. Mama Lugano alikuwa amepanga mafiga matatu na kuweka sufuria, kwa sababu wajenzi lazima wale.

Wakafanya kazi mpaka saa sita. Hawakugombana. Tusekile alisema wapi, fundi alichimba, mama aliwapa uji. Vigingi vikakaa, kamba ikanyooka. Ikabaki kazi ya kizingiti.

Kasumbe kizingiti hakipimwi kwa futi. Udongo mbichi humwagwa penye mlango, mwenye nyumba huvua viatu, hukanyaga mara moja, na fundi hupima upana wa mlango kwa unyayo ule. Akishakanyaga mmoja, nyumba ni yake, na hakuna baraza linaloweza kulibadilisha hilo.

Ambakisye alimwaga udongo, akausawazisha kwa mwiko wake wa uashi. Akasimama kando. Akavua viatu.

Tusekile akavua vyake.

Mama Lugano alikuwa peku tangu asubuhi.

Mzee Gwakisa aliwatazama. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya udongo, likaacha tundu. Akasema, "Fundi, ngoja kidogo," ingawa mwenyewe hakujua wangoje nini.

Mimi nimesema yote niliyoyajua. Fundi ameshika kamba, udongo ni mbichi, na mvua haisubiri watu wamalize kubishana. Ninyi mliosikiliza ndio baraza sasa. Aliyejua hatari akanyamazishwa, aliyeileta hatari kisha akaishikilia hadi hesabu ya sabini na moja, na aliyewafundisha watu kuikimbia hatari kisha akamfundisha mmoja kubaki: Bupe alitolewa na nani? Je, unyayo wa nani ukanyage udongo ule?